Namna ya Kuchagua Mfumo Endeshi Mwepesi kwa Kompyuta Kuukuu

Mtu anayeletewa kompyuta ya zamani sana ili aifufue kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni mfumo gani ulio mwepesi kuliko yote. Nami nilianza hivyo. Nilikuwa nikisakinisha mfumo, nikiuona unawaka kwa muda mfupi, nikamkabidhi mwenyewe mashine yake kwa furaha, kisha baada ya siku mbili akairudisha akieleza kwamba inaganda. Mfumo haukuwa na kosa. Kilichoielemea mashine kilikuwa kivinjari, kwa kuwa ukurasa mmoja tu wa mtandao wa leo unaweza kutumia kumbukumbu ya muda (RAM) nyingi kuliko mfumo mwepesi wote. Kwa sababu hiyo, utaratibu ninaoueleza hapa unatanguliza mashine na kazi inayokusudiwa, na jina la mfumo linafuata baadaye.

Hatua ya kwanza: Ifahamu mashine

Kabla ya kugusa chochote, nakili mafaili yote ya mwenye kompyuta kwenye diski ya nje. Diski iliyozunguka kwa miaka kumi na mitano inaweza kufa siku ile ile unapoishughulisha kuliko ilivyozoea, na picha za familia zilizomo hazitapatikana tena popote.

Kisha chunguza kama prosesa ni ya biti 32 au ya biti 64, yaani upana wa data inayoishughulikia kwa mara moja, na usiikadirie kwa umri wake. AMD ilianza kuuza prosesa za biti 64 za aina tunayoitumia leo mwaka 2003, na Core 2 Duo ya Intel iliyotoka mwaka 2006 pia ni ya biti 64. Lakini Atom N270, iliyotoka mwaka 2008 na kuwekwa katika kompyuta ndogo nyingi za kubebeka, ni ya biti 32 tu. Vilevile usitegemee Windows iliyomo ikuamulie, maana mashine nyingi zenye prosesa ya biti 64 ziliuzwa zikiwa na Windows ya biti 32. Njia ya uhakika ni kuiwasha mashine kwa flashi yenye Linux (familia ya mifumo endeshi ya bure) ya biti 32 inayofanya kazi bila kusakinishwa, kufungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na kuandika `lscpu`. Mstari unaoanza na `CPU op-mode(s)` ukitaja 32-bit na 64-bit, una prosesa ya biti 64. Ukitaja 32-bit peke yake, uchaguzi wako tayari umepungua sana.

Katika matokeo hayo hayo, tazama mstari wa `Flags` na utafute maneno mawili. La kwanza ni `sse2`, seti ya amri ambazo prosesa inazielewa. Prosesa za Pentium III na Athlon XP hazina uwezo huo, na Firefox imekuwa ikiudai tangu toleo la 53 la mwaka 2017. Kwa hiyo mashine isiyo na `sse2` haifai kuahidiwa mtandao wa kisasa, hata ukiiongezea kumbukumbu kiasi gani. La pili ni `pae`, uwezo wa prosesa ya biti 32 kuifikia kumbukumbu kubwa zaidi, ambao kerneli (kiini cha Linux) nyingi za biti 32 huuhitaji. Baadhi ya Pentium M za mwanzo zina uwezo huo lakini haziutangazi, na Linux hukataa kuwaka mpaka uongeze neno `forcepae` katika mstari wa kuanzisha kerneli. Nimewahi kuona mashine nzima ikitupwa kwa sababu ya neno hilo moja, jambo ambalo lingeepukika kwa dakika tano.

Kiasi cha kumbukumbu utakiona kwa `free -m`. Afya ya diski itaelezwa na `smartctl -a /dev/sda`: idadi ya `Reallocated_Sector_Ct` au ya `Current_Pending_Sector`, yaani sehemu za diski zilizoharibika au zinazoshukiwa kuharibika, ikiwa inapanda kila unapopima, diski hiyo usiisakinishie kitu. Mwisho, angalia tarehe. Ikiwa kompyuta inarudi miaka mingi nyuma kila inapochomolewa umeme, betri ndogo ya ubao mkuu imekwisha, na mara nyingi ni ile ya CR2032. Ibadilishe kwanza. Tarehe ikiwa si sahihi, kivinjari hukataa vyeti vya usalama vya tovuti na hata upakuaji wa masasisho unaweza kugoma, nawe utahangaika ukidhani mfumo uliouchagua ni mbovu.

Hatua ya pili: Itaje kazi moja kuu

Muulize mwenye mashine anataka kufanya nini nayo kila siku, na usikubali jibu la «kila kitu». Mashine ya MB 512 inaweza kuandika barua kwa AbiWord, kupiga hesabu kwa Gnumeric, kucheza muziki na kutunza mafaili kwa miaka mingine mingi, na ikazifanya kazi hizo vizuri. Mashine hiyo hiyo ikitakiwa kufungua barua pepe, mtandao wa kijamii na video kwa pamoja itashindwa chini ya mfumo wowote uliopo. Kwa uzoefu wangu, kuperuzi mtandao kwa utulivu kunaanza kuwezekana kwenye GB 2, huvumilika kwenye GB 1 ukifungua kurasa chache, na chini ya hapo huwa ni mateso. Ikiwa kazi kuu ni mtandao na ubao mkuu una nafasi ya kuongeza RAM, iongeze kabla ya kuendelea, kwani hakuna mfumo utakaokupa nafuu inayolingana na hiyo.

Hatua ya tatu: Amua biti 64 au 32

Ukiwa na prosesa ya biti 64, chukua mfumo wa biti 64 hata kama kumbukumbu ni GB 1. Ni kweli kwamba programu za biti 64 hutumia kumbukumbu zaidi kidogo, na wapo mafundi wanaopendelea biti 32 kwa sababu hiyo. Mimi nakubali hasara hiyo ndogo kwa sababu njia ya biti 32 inafungwa upande kwa upande. Google iliacha kutoa Chrome ya Linux ya biti 32 mwaka 2016. Lubuntu, mojawapo ya mifumo myepesi ya Linux, iliacha biti 32 kuanzia toleo la 19.04. Debian 13, toleo la mfumo wa Linux ambao mifumo mingine mingi hujengwa juu yake, lililotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi wala kerneli ya biti 32, na Firefox 144 ndiyo ya mwisho katika mfululizo wa kawaida kuitumikia Linux ya aina hiyo. Mwenye prosesa ya biti 32 bado ana mifumo iliyojengwa juu ya Debian 12, lakini aelezwe waziwazi kwamba muda wake una mwisho.

Kuirejesha Windows XP au Windows 7 kwa sababu tu ndiyo iliyokuja na mashine ni kosa, iwapo mashine itaunganishwa na intaneti. Microsoft iliacha kuilinda XP tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020.

Hatua ya nne: Chagua mifumo miwili ya kujaribu

Chagua miwili, si mmoja wala sita. Kwa mashine yenye kumbukumbu chini ya MB 256, Tiny Core ndiyo ninayoitegemea, kwani faili lake lenye madirisha na kipanya ni la takribani MB 23 tu. Hata hivyo, unaanza na karibu mikono mitupu na kila programu unaiongeza mwenyewe. Tena, ukihitaji Wi-Fi, pakua faili kubwa zaidi liitwalo CorePlus, kwa sababu lile dogo halina zana zake.

Kuanzia hapo hadi GB 1, shindano ni kati ya antiX na Puppy Linux. antiX imejengwa juu ya Debian, haitumii systemd (programu inayoanzisha na kusimamia huduma katika Linux nyingi), na badala ya mazingira kamili ya eneokazi hutumia kisimamizi cha madirisha tu, hasa IceWM. Hiyo ndiyo siri ya wepesi wake: hakuna huduma kumi zinazokaa nyuma zikisubiri kazi ambayo haitakuja. Sura yake ni kavu, lakini ghala la programu za Debian liko wazi kwako. Puppy kwa upande wake hujipakia yote kwenye RAM na kuyahifadhi mabadiliko yako katika faili moja, hivyo inaweza kufanya kazi hata kwenye mashine ambayo diski yake imeshakufa. Jambo lisilonipendeza kwake ni kwamba kwa kawaida mtumiaji hufanya kazi kama root, yaani mwenye mamlaka yote, na kwa mashine itakayotumiwa na watu wengi mimi huchagua antiX.

Kati ya GB 1 na 2, jaribu Q4OS yenye eneokazi la Trinity. Trinity inaendeleza KDE 3.5 ya zamani, na mpangilio wake wa menyu na upau wa chini haumchanganyi mtu aliyezoea Windows. Kwa GB 2 na zaidi una uhuru: MX Linux yenye Xfce au Lubuntu zinatosha. Linux Mint ya Xfce nayo hukubali GB 2, ingawa watengenezaji wake hupendekeza 4, na napenda kuwaamini.

Hatua ya tano: Jaribu bila kusakinisha

Pakua faili la ISO, yaani nakala kamili ya mfumo katika faili moja, kisha linganisha alama yake kwa `sha256sum` na ile iliyotolewa na watengenezaji. Liandike kwenye flashi kwa programu kama Rufus au Ventoy. Ikiwa BIOS, programu ya ubao mkuu inayoiwasha mashine, ni ya zamani kiasi cha kutoweza kuanza kwa flashi, tumia CD au DVD, ukikumbuka kwamba CD hubeba takribani MB 700. Mashine nyingine husaidiwa na Plop Boot Manager, ambayo huwashwa kwenye CD kisha ikaikabidhi flashi kazi.

Mfumo ukishawaka, usivutiwe na kasi ya menyu. Unganisha Wi-Fi, sikiliza sauti, laza mashine na uiamshe, na uhakikishe kioo kinaonyesha kwa vipimo vyake kamili. Kisha fungua kivinjari na kurasa tatu ambazo mwenye mashine huzitumia kweli, ziache wazi, na uandike tena `free -m`. Usisome safu ya `free`, kwa kuwa Linux huitumia kumbukumbu isiyo na kazi kama akiba ya muda na tarakimu hiyo huonekana ndogo bila sababu ya hofu. Soma safu ya `available`. Ikibaki zaidi ya MB 200, mfumo huo unafaa. Ikishuka chini ya MB 100, ama chagua mfumo mwepesi zaidi, ama rudi kwenye hatua ya pili uzungumze upya na mwenye mashine.

Kumbuka pia kwamba ukijaribu kwa flashi, mafaili unayoyaunda hukaa kwenye RAM, na programu hufunguka polepole kwa sababu ya flashi yenyewe. Upolepole wa mara ya kwanza usiuhesabu. Funga programu, ifungue tena, na hukumu kwa mara ya pili.

Hatua ya sita: Sakinisha na uache nafasi ya kupumulia

Wakati wa kusakinisha, tenga swap, yaani sehemu ya diski inayosaidia RAM inapojaa, ya GB 1 hadi 2. Baada ya hapo washa zram, ambayo hubana data ndani ya RAM kabla ya kukimbilia diski. Kwenye mashine ya GB 1 yenye diski ya kuzunguka, tofauti yake huonekana mara moja. Kuongeza `noatime` katika `/etc/fstab`, ili diski isiandike muda kila faili linaposomwa, hakudhuru, lakini usitarajie makubwa, kwa kuwa kerneli imekuwa ikitumia `relatime`, inayopunguza uandishi huo, kwa kawaida tangu 2009. Kama kompyuta ina tundu la SATA na bajeti inaruhusu, SSD ndogo (diski isiyozunguka) itasaidia kuliko marekebisho yote hayo kwa pamoja.

Sakinisha kivinjari kimoja pamoja na kizuizi cha matangazo kama uBlock Origin, ambacho hupunguza mzigo wa kurasa kwa kiasi kinachoonekana. Baada ya wiki moja ya matumizi ya kawaida, kabla mashine haijazimwa, andika `swapon --show`. Ukiona mamia ya megabaiti yamehamia kwenye swap ya diski, washa ule mfumo wa pili uliouchagua katika hatua ya nne, na urudie kipimo kile kile kwa kurasa zile zile tatu.