SOMO: Kuosha vigae (vipande vya vyombo vya kale vilivyochimbuliwa) na wanafunzi siku ya wageni, Fort Jesus, Mombasa

Naliweka hapa mara moja, maana kila muhula maswali ni yale yale.

1. Leseni ya uchimbaji kwanza. Sheria ni ile ya Kenya ya Makumbusho na Turathi za Taifa, ya 2006, isome.

2. Watoto watano kwa beseni. Mswaki laini, maji matupu.

3. Visivyooshwa vitolewe mapema: chuma, mkaa, mfupa unaomeguka, kigae chenye masizi ndani. Masizi hayo ni mabaki ya chakula, nao ni ushahidi.

4. Lebo. Ndiyo inayosema kigae kilichimbuliwa wapi, na hapa ndipo siku huharibika. Mfuko mmoja, beseni moja, trei moja, lebo moja. Mtoto akiona kauri ya Kichina ya buluu humwonyesha jirani, kisha huiacha kwenye trei ya jirani. Ngome ilianza kujengwa na Wareno 1593, Waomani wakaiteka 1698, ikawa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Trei zikichanganyika, chombo cha Mreno kitasomwa kuwa cha wafungwa. Andika kwa penseli, wino wa kalamu hutawanyika ukiloa. Bana lebo kwa kibanio cha nguo, upepo wa bahari hauna adabu. Lebo ikipotea USIKISIE: vigae hivyo ni vya kufundishia tu.

5. Anika kivulini.

MASWALI

— Kauri naweza kutia jiki ing'ae?
Hatua ya 2. Maji matupu.

— Nina haraka, nikianika juani je?
Vitapasuka, utakuja kuuliza gundi.

— Mwalimu, vyangu vimetoa unga mweupe baada ya wiki. Niliosha vizuri.
Swali zuri, dada. Uliosha kwa maji ya kisima? Visima vingi vya kisiwani vina chumvi. Chumvi huingia kwenye kigae, kikikauka inatoka juu na kubandua uso. Loweka kwa maji ya mvua, badilisha kila siku hadi unga usirudi. Jaribu kimoja kwanza, vilivyochomwa vibaya huyeyuka.

— Mtoto atajuaje cha hapa na cha kutoka nje?
Adondoshe tone la maji penye mvunjiko. Kwenye kauri linakaa kama shanga. Chungu cha pwani hulinywa, na katikati utaona mstari mweusi, moto haukufika.

— Nyongeza: alikeni akina mama wa Mji wa Kale wanaopikia vyungu. Wakishika ukingo tu wanajua ni wa chungu au wa kikaango.
Kweli kabisa. Na wakae mezani na watoto, si kwenye viti vya wageni.