Gololi ndani, kikombe juu: mtoto aliyetolewa jicho

Mzazi akiambiwa mtoto "atawekewa jicho la bandia" huwaza kitu kimoja, kumbe ni viwili. Kuna gololi inayofukiwa ndani ya tundu la jicho siku ileile ya upasuaji; hiyo haionekani na haivuliwi. Halafu kuna kikombe chembamba kilichochorwa mboni, kinachokaa juu yake chini ya kope. Hicho hutengenezwa wiki 6 hadi 8 baadaye, uvimbe ukishaisha.

Gololi si ya urembo. Mfupa wa tundu la jicho hukua kwa kusukumwa na kilichomo, na tundu likiachwa tupu upande huo wa uso hudumaa. Jicho la mtoto mchanga lina kipenyo cha milimita 17 hivi. Akifika miaka 3 limekaribia 22. Kwa hiyo mtoto wa chini ya miaka 2 kwa kawaida huwekewa gololi ya milimita 16 hadi 18, mkubwa kidogo 18 hadi 20, na aliyekaribia utu uzima 20 hadi 22. Usidharau milimita hizo: gololi ya 16 ina ujazo wa mililita 2 na kidogo, ya 20 ina mililita 4 na kidogo, yaani maradufu. Ikiwa ndogo mno, kope la juu huzama, na kikombe hulazimika kuwa kinene na kizito hadi kinalegeza kope la chini. Ikiwa kubwa mno, mshono huvutwa, ukafumuka, na gololi ikachungulia. Omba ukubwa na aina ya gololi viandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa; daktari wa miaka 5 ijayo atavihitaji.

Gololi za akriliki (plastiki ngumu) na silikoni zina uso usiokwaruza, ni za bei nafuu, na zikileta shida hutolewa kwa urahisi. Zenye vitundu, kama za haidroksiapataiti (madini kama ya mfupa), huingiwa na mishipa ya damu na kushikamana na mwili, ila uso wake mkwaruzo unaweza kula utando unaozifunika. Kwa mtoto anayerudi Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria ambako kliniki ya macho ni safari ya kivuko, sisi tungechagua akriliki iliyofungwa vizuri na misuli. Njia nyingine ni ngozi na mafuta ya makalio ya mtoto mwenyewe, ambayo hukua pamoja naye, japo wakati mwingine hunywea au huzidi.

Kama jicho limetolewa kwa saratani, ile inayoanza na mboni kung'aa nyeupe kama ya paka usiku, usiondoke bila tarehe ya majibu ya kinyama, yaani kipimo cha maabara cha jicho lililotolewa. Majibu ndiyo yanayoamua kama zitahitajika dripu za dawa ya saratani, na hayo yanatangulia habari zote za kikombe.

Nyumbani, wiki ya kwanza kope huvimba na kuwa na wekundu au weusi. Hilo halitishi. Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo ya mtoto, kila baada ya saa 6, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Mwenye kilo 10 anapewa miligramu 150. Dawa ya macho ya kupaka weka kama ulivyoandikiwa. Tongotongo lifute kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, kutoka upande wa pua kwenda nje, pamba mpya kila mara.

Chini ya kope daktari ameacha kisahani cha plastiki angavu. Kazi yake ni kuzuia mifuko iliyo nyuma ya kope isijifunge, na mtoto akisugua kitatoka. Kioshe kwa sabuni, kisuuze, chomeka ukingo wa juu chini ya kope la juu, kisha vuta kope la chini hadi kiingie. Kikikataa, usilazimishe: kiweke kwenye kopo safi, nenda kliniki leo au kesho. Ukingoja tarehe ya kurudi, mifuko itakuwa imenywea na kikombe hakitakaa.

Kikombe huwekwa vivyo hivyo. Kukitoa, mwambie mtoto atazame juu, vuta kope la chini, kiteleze kitoke. Tandika kanga chini kwanza, maana sakafu ya saruji hukivunja. Osha kwa sabuni ya mtoto. Spiriti na maji ya moto hupasua akriliki. Usikitoe kila siku bila sababu, kwani kuchokoachokoa ndiko kunakoleta tongotongo. Karibu na vichanja vya dagaa mchanga huingia, hapo suuza. Kuogelea ziwani, kivue: kikizama hukioni tena, na kichocho kimo majini hata hivyo. Mtoto mdogo hupimwa upya kila miezi 6 hadi 12, kwa kuwa uso unakua na kikombe hakikui.

Rudi haraka ukiona usaha, harufu mbaya, damu isiyokoma, homa, tundu linalosukuma kikombe nje, au kitu cheupe kigumu kinachochungulia kwenye mshono.

Jicho lililobaki livalishwe miwani ya polikaboneti (plastiki isiyovunjika kwa urahisi), hata kama linaona vizuri. Kwa saratani, lipimwe kwa tarehe zilizopangwa, na wadogo zake wapimwe wangali wachanga, kabla mboni haijaanza kung'aa.