Namna ya Kupima Usahihi wa Risasi Ulizojaza Mwenyewe

Hivi karibuni nilimsaidia shemeji yangu, anayeishi huku Texas, kupima risasi za .308 Winchester, aina ya risasi za bunduki ya kuwindia, alizojaza nyumbani kwa ajili ya msimu wa kuwinda kulungu, na maswali yake ndiyo yaliyonifanya niandike hatua hizi. Sheria ya shirikisho ya Marekani haidai leseni kwa mtu anayejaza risasi za kutumia mwenyewe. Leseni huhitajika anapotaka kuziuza. Msomaji aliyeko Kenya au Tanzania asichukue mwongozo huu kuwa ruhusa, kwa maana huko kutengeneza risasi bila kibali ni kosa.

Hatua ya 1: Maandalizi ya nyumbani

Tumia ganda la aina moja, fataki (kidude kilicho kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti) za aina moja, baruti moja na kichwa kimoja cha risasi, kisha ubadilishe uzito wa baruti peke yake. Mimi huandaa vipimo vinne vya baruti vinavyopishana kwa greni 0.3, yaani takriban miligramu 20, vyote vikiwa ndani ya mipaka ya kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa kichwa. Kila kipimo kiwe na risasi 16, moja ya kuchunguza shinikizo na 15 za kupima usahihi, na kila ganda liandikwe kwa wino usiofutika, kwa sababu risasi zikichanganyika mezani hakuna njia ya kuzitambua kwa macho.

Hatua ya 2: Meza

Bunduki ilale juu ya mfuko wa mchanga mbele na mwingine chini ya kitako, na mtutu wenyewe usiguse kitu chochote. Kaza skurubu za darubini kabla hujaondoka nyumbani. Weka shabaha yadi 100, sawa na mita 91.

Hatua ya 3: Risasi za mwanzo

Mtutu uliotoka kusafishwa hupiga tofauti na mtutu uliokwisha kuchafuka, kwa hiyo risasi mbili au tatu za kwanza zielekezwe kwenye karatasi nyingine na zisihesabiwe. Baada ya hapo piga risasi moja ya kila kipimo, ukianzia kile chenye baruti kidogo kabisa, na uchunguze kila ganda linapotoka. Fataki iliyobapa hadi kingo zake kupotea, alama inayong'aa kwenye kitako cha ganda, au bolti (komeo la kufungia na kufungulia bunduki) inayokuwa nzito kuinua ni dalili za shinikizo kubwa mno. Ukiziona, usipige risasi nyingine ya kipimo hicho wala ya kipimo kilicho juu yake. Zirudishe nyumbani uzifumue. Mlio ukiwa dhaifu, simama, toa risasi zote na utazame ndani ya mtutu, kwa sababu kichwa kikikwama humo risasi inayofuata inaweza kuupasua. Risasi ikikataa kulipuka, endelea kuelekeza mtutu kwenye shabaha kwa angalau sekunde 30 kabla ya kufungua bolti.

Hatua ya 4: Kupiga kwa mzunguko

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza risasi zao. Desturi iliyoenea ni kupiga risasi tatu za kipimo cha kwanza, kisha tatu za cha pili, na kutangaza mshindi kwa kutazama kundi la matundu lililobana zaidi. Desturi hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, kipimo cha mwisho hupigwa mtutu ukiwa wa moto, upepo ukiwa umebadilika na bega likiwa limechoka, hivyo kinachopimwa ni hali hizo pamoja na baruti. Pili, matundu matatu hayatoshi kusema lolote: bunduki ambayo makundi yake ya risasi tano yana wastani wa milimita 25 kati ya matundu yaliyo mbali zaidi itatoa takriban milimita 20 kwa makundi ya tatu na takriban 31 kwa makundi ya kumi, ilhali hakuna kilichobadilika isipokuwa idadi. Hata makundi ya risasi tano hutofautiana sana yenyewe kwa yenyewe, kiasi kwamba bunduki hiyo hiyo inaweza kutoa milimita 18 na baadaye 32 kwa risasi zilizojazwa sawasawa.

Kwa hiyo bandika shabaha nne, moja kwa kila kipimo, ukiwa umeziandika majina mapema. Piga risasi moja ya kipimo cha kwanza kwenye shabaha yake, moja ya cha pili kwenye yake, hadi cha nne, kisha uanze tena. Kwa njia hiyo joto, upepo na uchovu hugawanywa kwa vipimo vyote. Baada ya mizunguko mitano badilisha karatasi, na mwishoni utakuwa na makundi matatu ya risasi tano kwa kila kipimo. Bunduki ya kuwindia ina mtutu mwembamba unaopata moto upesi; mimi husubiri hadi niweze kuushika bila kuondoa mkono, hata kama kufanya hivyo kunakula asubuhi nzima. Weka kitambaa chepesi kinachoonyesha upepo katikati ya njia, kwani upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa husogeza kichwa cha greni 168 karibu sentimita 2 katika umbali huu. Shika bunduki kwa namna ile ile kila mara, shavu na bega vikikaa palepale. Usiifute risasi iliyokwenda mbali kwa kudhani ulikosea; isamehe tu ikiwa ulijua kosa kabla ya kutazama karatasi.

Hatua ya 5: Kasi

Nashauri utumie kipima kasi cha rada kinachokaa mezani. Kile kinachofungwa kwenye mtutu hubadilisha mtikisiko wake, na hivyo huharibu kipimo cha usahihi unachokifanya wakati huohuo.

Hatua ya 6: Kupima matundu

Pima kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje wa matundu mawili yaliyo mbali zaidi, utoe kipenyo cha kichwa, milimita 7.8, kisha utafute wastani wa makundi matatu. Vipimo viwili vikikaribiana, chagua chenye baruti kidogo. Jaza upya risasi 20 za kipimo hicho na uzipige siku yenye joto tofauti, kwa kuwa baruti nyingi huongeza kasi hewa inapopata joto, na risasi iliyokuwa salama Januari yaweza kuonyesha dalili za shinikizo mwezi Agosti.