Kukuza Mayungiyungi ya Siku Moja Pamoja na Watoto

Mtoto huchoka upesi na mmea unaokaa wiki nyingi bila badiliko analoliona. Yungiyungi la siku moja, ambalo wataalamu huliita Hemerocallis, humwondolea uchovu huo msimu wake unapofika, kwa sababu kila ua hufunguka na kunyauka ndani ya siku moja hivi, na tumba jingine kwenye kikonyo hichohicho hupokea zamu.

Anzeni na miche iliyogawanywa kutoka kwenye kichaka kilichokomaa, kwani mmea wa mbegu huweza kuchukua miaka 2 au 3 kabla ya kuchanua. Chagueni mahali penye jua la saa 6 au zaidi kwa siku, pasipotuamisha maji. Mtu mzima alainishe udongo, mtoto avunje mabonge na kuchanganya mboji kwa mikono. Katikati ya shimo fanyeni kichuguu, mtandaze mizizi pande zote, kisha mfukie hadi shingo ya mmea, yaani pale majani yanapokutana na mizizi, iwe sentimita 2 hadi 3 chini ya udongo. Ikizama zaidi, maua hupungua. Kati ya mche na mche acheni sentimita 45 hadi 60, na mtoto apime kwa kijiti kilichokatwa kwa urefu huo. Mstari ukipinda kidogo, mwacheni; mmea hautajali.

Maua yakianza, mpeni mtoto kazi ya kila asubuhi: kuchuma yaliyonyauka jana na kuhesabu yaliyofunguka leo. Aliyezoea kazi hiyo anaweza kuchavusha mwenyewe. Avunje stameni moja, yaani uzi wenye unga wa chavua, ya ua la mmea mmoja, aipake chavua yake kwenye ncha ya ule uzi mrefu ulio katikati ya ua la mmea mwingine, kisha afunge utepe wenye majina ya wazazi wote wawili. Si kila jaribio hufanikiwa, kwa kuwa mimea yenye seti 2 za kromosomu, yaani nyuzi za urithi ndani ya seli, kwa kawaida haizai na yenye seti 4. Likifanikiwa, ua hilo lisichumwe. Tumba la mbegu hukomaa baada ya wiki 6 hadi 8, nalo likipasuka huonyesha mbegu nyeusi zinazong'aa. Mmea utakaotoka humo hautafanana kabisa na mzazi yeyote, na kwa maoni yangu hapo ndipo subira ya miaka 2 au 3 inapopata maana kwa mtoto.

Nyumba yenye paka haifai mmea huu, kwani humdhuru figo. Watoto nao wasiachwe kuonja ua lolote bustanini, kwa sababu mayungiyungi hufanana na mengine yana sumu.

Baada ya miaka 3 hadi 5 kichaka husongamana na kupunguza maua. King'oeni chote, mkitenganishe katika vipande vyenye majani na mizizi yake, mpunguze majani hadi sentimita 15, kisha mtoto aamue kila kipande kipandwe wapi.