Kuhesabu maunganisho ya maji: fuata bomba, usifuate ankara

Mimi ni mhasibu wa chombo cha watumia maji, mradi wa mserereko (maji hushuka yenyewe bila pampu), huku milimani Lushoto. Mjumbe mpya akiingia kwenye kamati na kuulizwa tuna maunganisho mangapi, hukimbilia daftari la ankara akahesabu majina. Ankara zinakuonyesha wanaodaiwa tu.

Mchukue fundi, mshuke naye kutoka tenki. Kila bomba dogo linapochepuka kutoka bomba la mtaa kwenda kwa mtumiaji, hilo ni unganisho moja, hata kama uani mna koki tatu na bafu. Nyumba ya wapangaji sita yenye dira (mita ya maji) moja ni unganisho moja, kaya sita. Andika yote mawili, kila kimoja na safu yake: dira utanunua kwa idadi ya maunganisho, watu wanaohudumiwa utawapata kwenye kaya. Vidira ambavyo mwenye nyumba amefunga ndani ili wapangaji wasigombane ni vyake, usiviguse. Lakini duka lake la mbele likichepuka kivyake, hayo ni maunganisho mawili kwa jina moja.

Vituo vya kuchotea ndiyo vinavyovuruga hesabu. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka koki moja ihudumie watu 250, kila mmoja apate lita 25 kwa siku, asitembee zaidi ya mita 400. Kwa kipimo hicho kituo chenye koki mbili kinaweza kubeba watu 500, lakini kwenye orodha ni unganisho moja. Ukihesabu kila koki, wateja watapanda na mapato yatabaki palepale, na RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilayani watakuuliza fedha ziko wapi.

Shule, zahanati na birika la mifugo vihesabu, ila chini ya aina yake. Ng'ombe si kaya.

Aliyekatiwa kwa deni abaki kwenye orodha, safu ya yaliyositishwa, maana bomba lake bado lipo na linaweza kuvuja. Mfute pale tu fundi atakapokuwa ameziba kwenye bomba la mtaa. Aliyelipa ada akawa anasubiri mtaro wa bomba uchimbwe, bado hahesabiwi. Aliyejiunganishia usiku mwandike pembeni. Maji yake ni upotevu mpaka afungiwe dira.

Funga hesabu 30 Juni. Atakayeunganishwa kesho yake ataingia hesabu ijayo, hata akiwa mwenyekiti.