Mwaka wa kwanza Mlimani: wiki tano ambazo hakuna anayekusaka

Wadogo zangu mnaoripoti Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka huu, hongereni sana. Ukishuka na begi lako stendi ya Mbezi, Dar itakupokea kwa joto na kelele, na hayo utayazoea upesi. Kinachochelewa kuzoeleka ni uhuru. Shuleni kengele ilikuamsha, mwalimu wa zamu akakusaka bwenini, mtoro akaitwa mbele ya paredi. Chuoni hakuna anayekusaka. Wengi niliosoma nao waliopata sapu (mitihani ya marudio) mwaka wa kwanza walizitengeneza wiki tano za mwanzo, wakiamini masomo bado hayajachanganya.

Hatua ya 1: Maliza usajili kabla ya kutembelea mji

Vyeti, kitambulisho, bima ya afya, kisha sajili kozi zako kwenye mfumo wa chuo. Kaa na mtu wa mwaka wa pili mpitie kozi moja moja, kwa sababu kozi usiyoisajili itakusumbua wakati wa matokeo. Ufukwe wa Coco Beach upo tu.

Hatua ya 2: Ielewe hesabu ya 40 na 60

Hapa nawaomba mtulie. Kwa kozi nyingi, alama 40 zinatoka ndani ya muhula, yaani majaribio, asaimenti na semina. Zile 60 ni za mtihani wa mwisho.

Muhula wangu wa kwanza nilikuwa na rundo la madesa, yaani notsi za masomo, niliyotoa kopi steshenari, hata pini sijayabana, bado yananuka wino wa mashine. Jaribio la kwanza likaja wiki ya sita. Matokeo yalipobandikwa ubaoni, yalikuwa namba za usajili tu, hakuna majina. Nikapitisha kidole kwenye mstari wangu mara mbili: 4 kati ya 15. Mpaka muhula unaisha nilikuwa na 15 kati ya 40.

Sasa angalia. Ili nipate B+, inayoanzia 60, nilitakiwa nipate 45 kati ya 60 kwenye mtihani wa mwisho. Rafiki yangu wa chumbani alikuwa na 31, yeye alihitaji 29 tu. Tuliingia chumba kimoja cha mtihani, karatasi ileile. Yeye alitoka na B+, mimi nikatoka na C.

Na C hiyo haifutiki. A ni pointi 5, B+ 4, B 3, C 2, na pointi za mwaka wa kwanza zinaingia kwenye GPA ya mwisho, yaani wastani wa pointi zako zote. Daraja la kwanza linaanzia 4.4.

Kilichoniokoa muhula wa pili ni kitu kidogo. Jioni ya siku ileile ya mhadhara nakaa kwenye kimbweta (meza ya nje ya kujisomea) dakika arobaini, nafunga daftari, naandika nilichoelewa kwa Kiswahili changu. Nikikwama, hapo ndipo sijaelewa, na kesho yake nauliza semina. Msuli wa kusoma usiku kucha kabla ya mtihani niliuacha kabisa.

Hatua ya 3: Ligawe bumu siku linapoingia

Bumu ni pesa ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo wa elimu ya juu. Tuchukulie shilingi 10,000 kwa siku kwa siku 60, ni 600,000. Ukiiona kwenye simu utajiona tajiri. Toa 60,000 ya madesa na dharura, inabaki 540,000. Igawe kwa wiki tisa, usiigawe kwa nane, kwa sababu awamu inayofuata inaweza kuchelewa. Unapata 60,000 kwa wiki. Hiyo tu ndiyo unaihamisha kila Jumapili, nyingine usiiguse. Simu mpya isubiri. Na hili ni deni: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara itakatwa mpaka liishe.

Hatua ya 4: Uwe na watu watatu

Mmoja wa darasani kwako, mmoja aliyekutangulia, mmoja wa msikitini au kanisani. Ukiumwa, hao ndio watakaojua hukuonekana.

MASWALI YA WADAU

*Nimekosa hosteli. Nipange wapi?*

Changanyikeni, Msewe na Makongo ni karibu. Tafuta mwenzako mchangie, maana wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na dalali naye anataka ya mwezi mmoja. Usitoe hela kabla hujaonana na mwenye nyumba mwenyewe. Mimi dalali alinionyesha chumba ambacho tayari kilikuwa na mtu, na kishika uchumba changu, yaani pesa ya kushikilia chumba, hakikurudi. Kingine, kakione chumba baada ya mvua ya vuli, utajua maji yanapita wapi.

*Dada, mhadhiri anakwenda mbio na Kiingereza kinanipita. Nifanye nini?*

Soma desa kabla ya kuingia, hata kurasa tatu, ili maneno yasiwe mageni. Elewa kwa Kiswahili kwanza, halafu jizoeze kuandika jibu kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani utaujibu kwa lugha hiyo. Kozi ya stadi za mawasiliano wengi wanaidharau. Wewe ishike.

*Kozi niliyopangiwa siipendi. Naweza kuhama?*

Inawezekana kama ufaulu wako wa kidato cha sita unakidhi vigezo vya kozi unayoitaka na nafasi ipo. Dirisha hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na halikai wazi muda mrefu. Nenda wiki hii.

*Dada shikamoo. Sina mkopo. Mama anauza mbogamboga, pesa aliyonipa imeisha na naona aibu kumwambia. Siku ya tatu nakula mlo mmoja.*

Marahaba mdogo wangu. Mpigie mama leo jioni akishafunga genge, mwambie kiasi kamili kilichobaki. Anachokiogopa mama ni kukuta mwanawe anaumia kimya. Chakula cha leo mwombe mwenzako wa chumbani, usisubiri kesho. Kesho saa mbili asubuhi nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi, beba kitambulisho, ueleze kama ulivyonieleza mimi. Ulizia pia utaratibu wa kukata rufaa ya mkopo na nyaraka zinazotakiwa, ili mama aanze kuzitafuta mapema serikali ya mtaa.