Namna ya Kuandika Kuaminiana katika Tamthilia ya Kufa na Kupona

Kikundi cha sanaa kinachotaka kuandika tamthilia ya mashindano ambayo anayeshindwa hufa huanza mara nyingi kwa kubuni vifo, na huko ni kuanzia mkiani. Amueni kwanza nani anamtegemea nani na kwa kazi gani, maana kifo cha mtu asiyetegemewa na yeyote hakimshtui mtazamaji.

Itazameni upya Squid Game, tamthilia ya Korea Kusini iliyoandikwa na kuongozwa na Hwang Dong-hyuk, ambayo ilianza kuonyeshwa Septemba 2021; ndani yake watu wenye madeni wanacheza michezo ya watoto wakiwania fedha, na anayeshindwa anauawa. Katika mchezo wa kuvuta kamba, timu ya Gi-hun, mhusika mkuu, ina watu kumi, wakiwemo wanawake watatu na mzee mmoja, na inakutana na timu ya wanaume pekee. Mzee Il-nam anawapanga: kiongozi mbele, mtu imara mwishoni, waliobaki wapishane kushoto na kulia kwa kamba, kamba ikae kwapani, na kwa sekunde kumi za kwanza wote waegemee nyuma na kustahimili tu. Wanapoanza kuzidiwa, Sang-woo, rafiki wa utotoni wa Gi-hun, anawaamuru wapige hatua tatu mbele, jambo ambalo mtu mwenye hofu hawezi kulifanya asipoamini kwamba wenzake tisa watalifanya kwa wakati huohuo. Wapinzani wanapepesuka na kuanguka. Hapo kuaminiana hakuhubiriwi bali kunaonekana miguuni, na kwa maoni yangu tukio hilo lina thamani kuliko hotuba yoyote ya mshikamano mtakayomwandikia mhusika wenu.

Msiige kamba hiyo, kwa kuwa mwaloni, pale wavuvi wa Ziwa Victoria wanapotia mitumbwi, kuna kazi zinazofaa zaidi. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, kwani mbalamwezi hupunguza nguvu ya taa zao, huwazungushia nyavu dagaa waliovutwa na mwanga, kisha huvuta pande zote kwa mwendo mmoja, kwa sababu upande ukichelewa samaki hupata upenyo. Wapeni wahusika wanne mtumbwi, wavu na sharti la kujaza ndoo kabla ya alfajiri, huku mmoja wao akiwa hajawahi kushika wavu. Mwonyesheni akifundishwa na mwenzake mahali pa kuweka vidole, na tukio hilo lisiharakishwe, kwa kuwa usaliti utakaofuata utasimama juu yake.

Usaliti wenyewe hutegemea mpangilio wa kanuni. Katika mchezo wa gololi wa Squid Game, wachezaji wanaambiwa watafute wenzi, kila mmoja anamchagua anayemwamini, na baada ya hapo ndipo wanapojulishwa kwamba watashindana wao kwa wao ndani ya dakika 30. Kanuni ingetangulia, wangechagua maadui zao na mchezo usingeuma. Tena, Sang-woo anayembadilishia mwenzi wake Ali, mhamiaji kutoka Pakistan, gololi kwa mawe ndiye aliyempa nauli ya basi sehemu za mwanzo, na fadhila hiyo ndogo ndiyo inayomfanya Ali akabidhi mfuko wake bila wasiwasi. Kwa hiyo, pandeni wema mapema, uwe mdogo na wa kweli, nanyi msimfanye msaliti ajue tangu mwanzo kwamba atasaliti.

Msiwageuze wote kuwa wasaliti, la sivyo mtazamaji atazoea. Katika mchezo huohuo wa gololi, msichana Ji-yeong anaiangusha gololi yake kwa makusudi ili mwenzi wake Sae-byeok apite, na chaguo hilo linaufanya uovu wa Sang-woo uonekane ulikuwa hiari yake.

Kuhusu utayarishaji, maji ya kina kifupi kando ya Ziwa Victoria yana kichocho, kwa hiyo mazoezi ya kuvuta wavu yafanyike mchangani. Siku ya kurekodi, kila anayepanda mtumbwi avae jaketi okozi, hata kama litalazimika kufichwa chini ya shati pana, na mtumbwi wa pili wenye nahodha mzoefu ukae karibu, nje ya picha.